Maelezo juu ya Mkazo wa Ndani katika Ulimbo wa Epoksi, na Jinsi Chembe za Polima Zinavyoupunguza

Fundi aunganishapo vipande viwili vya chuma kwa gundi ya epoksi huchanganya vitu viwili kutoka katika mirija miwili, hupaka, hubana, kisha hungoja. Kesho yake huona kiungo kimeshika barabara, naye husema kwamba gundi imekauka. Kwa desturi ya lugha hakosei, lakini yakini ya mambo ni nyingine: hakuna maji wala spiriti iliyotoka katika gundi ile, na kwa hiyo hakuna kilichokauka. Tena kiungo kile, ambacho kwa nje chaonekana kimetulia, kwa ndani hakikutulia hata kidogo. Ndani yake mna nguvu zinazovutana tangu siku kilipotengenezwa, hata kabla hakijabebeshwa mzigo wo wote.

Nguvu hizo ndizo tunazoziita mkazo wa ndani, na madhara yake si ya kudhania tu. Ulimbo uliomiminwa kuzunguka kipande cha chuma huweza kupasuka usiku wa baridi hali hakuna mtu aliyeugusa. Rangi ngumu huweza kubanduka kuanzia ukingoni. Waya nyembamba zilizomo katika chombo cha elektroniki huweza kukatwa na kifuniko kile kile kilichowekwa kiwe kinga yake.

Makala haya yakusudia kueleza mambo matatu: mkazo huo hutoka wapi, dawa zilizotangulia zilikuwa na kasoro gani, na chembe ndogo za polima laini zasaidia kwa njia gani. Hoja ninayotaka kuithibitisha ni hii, kwamba linalotazamwa si wingi wa ulaini tu bali mahali unapowekwa. Ulaini ulioenezwa katika ulimbo mzima hununuliwa kwa bei ya kupoteza ustahimilivu wa joto. Bali ulaini uliokusanywa katika chembe zilizotengwa waweza kupatikana pasipo kulipa bei hiyo, au kwa kulipa sehemu yake ndogo tu.

1. Maneno yatakayotumika

Kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa lugha, yafaa tuanze na maneno, maana neno lililochaguliwa vibaya huvuta maelezo yote upande.

Ulimbo kwa asili ni ule utomvu unaonata ambao hutegewa ndege. Nalitumia neno hilo kwa kitu cho chote kizito, chenye asili ya mti au ya kiwandani, ambacho huanza katika hali ya kunata na kuishia katika hali ya ugumu. Neno gundi nimeliacha kwa sababu lataja kazi na wala si kitu chenyewe: epoksi hutumika pia kama rangi, kama sakafu, kama kifuniko cha mitambo ya umeme, na katika mambo hayo si gundi.

Badiliko la ulimbo kutoka umajimaji hata kuwa mgumu sitaliita kukauka, kwa sababu iliyokwisha kutajwa. Wala sitaliita kuganda. Samli huganda kwa baridi na ikitiwa motoni huyeyuka tena, bali epoksi ikishakuwa ngumu haiyeyuki tena, hata moto ukizidi hutangulia kuungua. Nitasema kukomaa, kama lisemwavyo tunda na ubao; maana kilichokomaa hakirudi katika uchanga wake. Tena neno kuganda lingetuletea utata mbele, tutakapozungumzia ganda la chembe.

Mkazo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo inalolishika, na hupimwa kwa megapaskali. Wanaisimu walijua neno hili kwa maana nyingine, yaani ile silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi katika neno, ambayo wengine huiita shadda. Sioni hasara ya neno moja kutumika katika elimu mbili, kwani mwenye kusoma habari za fonolojia hatadhani kwamba anasoma habari za chuma. Neno msongo, ambalo hupendwa katika msongo wa mawazo, nimeliepuka kwa sababu kusonga ni kubana kuelekea ndani, na mkazo tunaouzungumzia hapa aghalabu ni wa kuvuta.

Ukakamavu ni kule kukataa kwa kitu kunyooshwa au kupindwa. Hapana budi tuutenge na nguvu, yaani mkazo ambao kitu hicho kitauvumilia kabla ya kukatika, na pia na uimara dhidi ya nyufa, yaani jinsi kinavyouzuia ufa uliokwisha kuanza usiendelee. Kioo kina ukakamavu mwingi, na uimara dhidi ya nyufa ni haba sana.

2. Epoksi ni kitu gani

Habari za kwanza za kukomaza vitu vya jamii ya epoksi zimo katika hataza ya Mjerumani Paul Schlack ya mwaka 1934. Baada yake walifuata Pierre Castan wa Uswisi, ambaye alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia, na Sylvan Greenlee wa Marekani, ambaye alitazama zaidi upande wa rangi. Katika miaka ya 1940 ulimbo huu ulianza kuuzwa.

Molekuli ya ulimbo wa epoksi ulio wa kawaida hutengenezwa kwa bisfenoli A na epiklorohidrini. Katika kila ncha yake mna kipete kidogo cha atomu tatu, mbili za kaboni na moja ya oksijeni. Kipete hicho kimebanwa mno, nacho hufunguka upesi kikikutana na kitu kinachokifaa. Kitu hicho ndicho kigumishi, mathalan amini au anhidridi. Amini moja yaweza kushika ncha kadhaa, na kila molekuli ya ulimbo ina ncha mbili. Kwa hiyo, kama wavu ufumwavyo fundo kwa fundo, molekuli zote huishia kuwa kitu kimoja kilichoshikana pande zote. Katika kufunguka kwa vipete hakuna mvuke wala maji yanayotoka, na hii ni moja ya sababu zilizoupatia ulimbo huu sifa.

Wavu huo ukishafumwa huwa na kiwango chake cha joto ambacho tutakiita joto la mgeuko. Chini ya joto hilo ulimbo ni kama kioo: ni mgumu, nao una ukakamavu wa gigapaskali 3 hivi. Juu ya joto hilo huwa kama mpira, na ukakamavu wake hushuka mara mia au zaidi. Hauyeyuki, kwa sababu mafundo yangalipo, lakini hauwezi tena kubeba mzigo kama hapo kwanza. Kwa hiyo joto la mgeuko ndilo mpaka wa manufaa ya ulimbo: aujengaye mtambo utakaofika digrii 110 za Selsiasi hawezi kutumia ulimbo ambao mgeuko wake ni digrii 90.

3. Mkazo hutoka wapi

Mkazo wa ndani una asili mbili, na zote ni kusinyaa.

Asili ya kwanza ni kukomaa kwenyewe. Molekuli zilizokuwa mbalimbali hukaribiana zinapofungamana, na ujazo wa ulimbo hupungua. Katika epoksi upungufu huo ni wa asilimia chache tu, nao ni mdogo kuliko ule wa ulimbo wa poliesta. Lakini si upungufu wote uletao mkazo. Maadamu ulimbo ni majimaji hutiririka, ukajaza nafasi iliyoachwa. Hata baada ya wavu kushikana, ikiwa joto la tanuri lingali juu ya joto la mgeuko, ulimbo ni kama mpira, na kuuvuta mpira kidogo hakuhitaji nguvu nyingi.

Asili ya pili ni kupoa, nayo ndiyo iliyo kubwa katika ulimbo uliokomazwa kwa moto. Kila kitu kikipoa husinyaa, ila si kwa kadiri moja. Katika kila digrii moja epoksi iliyo chini ya joto la mgeuko husinyaa kwa sehemu 60 hivi katika milioni ya urefu wake. Alumini kwa sehemu 23. Shaba kwa sehemu 17. Chuma cha pua cha kawaida kwa zaidi kidogo ya hiyo na chuma cha kazi kwa sehemu 12. Na silikoni ya vipande vya elektroniki kwa sehemu 3 tu. Basi ulimbo ulioshikamana na chuma hutaka kuwa mfupi kuliko chuma kinavyouruhusu. Chuma hakikubali. Ulimbo hubaki umevutwa, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa mbichi ikakaukia mzingani.

Tutoe mfano wa kukadiria. Ulimbo umepakwa wembamba juu ya bamba nene la chuma. Joto la mgeuko ni digrii 120 na joto la chumbani ni digrii 20. Tofauti ni digrii 100. Tofauti ya kusinyaa kati ya ulimbo na chuma ni sehemu 48 katika milioni kwa kila digrii, yaani sehemu 4,800 kwa safari nzima, ambayo ni karibu nusu ya asilimia moja. Zidisha kwa ukakamavu wa megapaskali 3,000, utapata megapaskali 14. Lakini ulimbo umezuiliwa kwa urefu na kwa upana pia, na kizuizi cha pande mbili huongeza mkazo hata kufika megapaskali 22. Epoksi kama hiyo hukatika kwenye megapaskali 60 mpaka 80. Basi karibu theluthi ya nguvu yake imekwisha kutumika kabla mtu hajauwekea mzigo.

Vipande vya elektroniki hujaribiwa kwa kupelekwa kwenye baridi ya digrii 65 chini ya sifuri na kurudishwa kwenye joto la digrii 150, mara nyingi mfululizo. Ulimbo wetu ukishushwa hadi baridi hiyo tofauti huwa digrii 185, na mkazo hufika megapaskali 41. Ikiwa pana pembe kali, kama pembe ya kipande cha silikoni, mkazo hukusanyika hapo na kuzidi hesabu hii. Hapo ndipo ufa unapozaliwa.

4. Namna ya kuuona na kuupima

Mkazo hauonekani kwa macho matupu, lakini una njia mbili za kujidhihirisha.

Njia ya kwanza ni ya nuru. Epoksi iliyo angavu ikitazamwa katika nuru iliyochujwa ili itikisike upande mmoja tu, huonyesha michirizi ya rangi mahali palipo na mkazo, na michirizi husongamana palipo na mkazo mwingi. Tabia hiyo ilifanya epoksi itumiwe na wahandisi kutengenezea mifano ya viungo vya mashine, ili waone kwa rangi mizigo inavyopita.

Njia ya pili ni ya kupinda. Mwaka 1909 G. G. Stoney alieleza jinsi utando mwembamba wa nikeli uliopakwa kwa umeme juu ya rula za chuma ulivyozipinda, na akaonyesha kwamba kwa kupima mpindo huo mtu aweza kuujua mkazo uliomo katika utando. Hivyo ndivyo ifanywavyo kwa ulimbo pia: hupakwa upande mmoja wa ukanda mwembamba wa metali, hukomazwa katika tanuri, kisha mpindo wa ukanda hupimwa kadiri unavyopoa. Kipimo hiki chaonyesha jambo lililokwisha kutajwa: ukanda haupindi sana wakati ulimbo ungali juu ya joto la mgeuko, ukishuka chini ya joto hilo ndipo mpindo unapoanza kuongezeka kwa haraka.

5. Dawa zilizotangulia

Kutokana na hesabu yetu twaona kwamba mkazo umejengwa kwa vitu vitatu: ukakamavu wa ulimbo, tofauti ya kusinyaa, na umbali kati ya joto la mgeuko na joto la matumizi. Mwenye kutaka kuupunguza hana budi kupunguza kimoja au zaidi cha vitu hivyo.

Dawa moja ni kutia unga mgumu. Jambo hili halikuanza na wanakemia. Mfinyanzi huchanganya udongo wake na mchanga au vigae vilivyopondwa, kwa sababu chenga hizo hazisinyai pamoja na udongo, na chungu husalimika katika kukauka na katika moto. Vivyo hivyo ulimbo unaofunika vipande vya elektroniki hutiwa unga wa silika kwa wingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 70 ya uzito. Kusinyaa hupungua sana. Lakini kwa upande wa pili ukakamavu hupanda mara tano au zaidi, na sehemu ya faida hupotea humo humo.

Dawa nyingine ni kulainisha ulimbo mzima, na mfano wake wa kale watuhusu sisi watu wa pwani. Sandarusi ya mwambao, ambayo hutoka katika mti uitwao msandarusi na ambayo iliyo bora ilichimbwa mchangani ikiwa imezikwa tangu zamani, ilisafirishwa kwa wingi kutoka Unguja katika karne ya 19, na mji wa Salem katika Marekani ulikuwa mmoja wa waliokuwa wanunuzi wake. Huko iliyeyushwa, ikachanganywa na mafuta ya kitani, ikawa vanishi. Watengenezaji walijua kanuni yao vizuri: sandarusi huleta ugumu na mng'ao, mafuta huleta wepesi wa kunyumbuka. Vanishi yenye mafuta machache ilikuwa ngumu, ikafaa samani za ndani, lakini ilipasuka upesi nje. Yenye mafuta mengi ilistahimili jua na baridi, lakini ilikuwa laini. Hapakuwa na njia ya kupata yote mawili, kwa sababu mafuta na sandarusi vilikuwa vimeyeyukiana, na kila tone la mafuta lilimlainisha jirani yake.

Epoksi nayo huweza kutiwa kilainishi kilichoyeyuka ndani yake, au kukomazwa kwa kigumishi chenye molekuli ndefu zinazonyumbuka. Mkazo hupungua kweli. Ila joto la mgeuko hushuka pamoja nao, na aliyetaka ulimbo wa kuvumilia joto amenyang'anywa alichokitaka. Hii ndiyo bei niliyoitaja mwanzo.

6. Chembe za polima

Sasa tufikirie jambo lingine. Badala ya kuyeyusha kitu laini katika ulimbo, tukitie kikiwa kimejitenga, katika chembe ndogo zilizotapakaa kila mahali lakini zisizochanganyika na wavu. Katikati ya chembe na chembe wavu wa epoksi wabaki kama ulivyokuwa, na kwa hiyo joto la mgeuko labaki pale pale au hushuka kidogo tu. Lakini kitu kizima kikivutwa hunyumbuka zaidi, maana ndani yake mna visiwa visivyoleta upinzani. Hapa ulaini umegawanywa mahali mahali, haukuenezwa.

Njia iliyotangulia kupata visiwa hivyo ilikuwa ya mpira wa majimaji. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Marekani, na miongoni mwao F. J. McGarry, walichunguza mpira wa butadieni na akrilonitrili wenye ncha za asidi. Mpira huo huyeyuka katika ulimbo mbichi. Wavu unapoendelea kufumwa hukosa nafasi, ukajitenga katika matone madogo, ambayo kwa kawaida ni kati ya sehemu ya kumi ya mikromita na mikromita chache. Mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Njia hii ni rahisi, lakini ina aibu mbili. Kwanza, ukubwa wa matone haumo mikononi mwa fundi peke yake, kwa kuwa hutegemea joto, kigumishi, na mwendo wa kukomaa. Pili, si mpira wote unaojitenga. Baadhi yake hubaki umeyeyuka katika wavu, ukafanya kazi ya kilainishi, na joto la mgeuko likashuka.

Ndipo ikatafutwa njia ya kutengeneza chembe kwanza, kisha kuzitia zikiwa tayari. Hutengenezwa katika maji yenye sabuni, kwa namna ambayo huzaa kitu kama maziwa. Na msomaji akumbuke kwamba utomvu wa mti wa mpira nao ni chembe ndogo za mpira zinazoelea majini. Kwanza hukuzwa kiini cha polima laini, kama polibutadieni, poliakrilati ya butili, au silikoni. Kisha juu ya kiini hicho hukuzwa ganda la polima ngumu, aghalabu polimetakrilati ya methili. Chembe nzima huwa na upana wa sehemu ya kumi mpaka nusu ya mikromita, na unywele wa mtu ukilinganishwa nayo ni gogo.

Kila sehemu ya chembe hiyo ina wajibu wake. Kiini ndicho kinacholegea. Ganda lina kazi tatu: huzuia viini visigandamane kuwa donge moja, hupatana na ulimbo, hivyo chembe hutapakaa vizuri, na likitiwa ncha zinazoweza kushikana na epoksi, huifunga chembe katika wavu. Kwa kuwa chembe imekwisha kufanyika kabla, ukubwa wake hauguswi na mwendo wa kukomaa, na mpira wake hauwezi kuyeyuka na kuingia katika wavu.

7. Hesabu, na jambo ambalo hesabu hailionyeshi

Haifai kusifu dawa pasipo kuipima. Turudi kwenye bamba letu la chuma, tutie chembe kiasi cha asilimia 10 ya ujazo. Tukadirie kwamba ukakamavu wa mchanganyiko umeshuka kutoka megapaskali 3,000 hata 2,400. Lakini mpira wenyewe husinyaa kuliko epoksi, kwa kiasi cha mara tatu hivi; basi kusinyaa kwa mchanganyiko kutapanda, tuseme kutoka sehemu 60 hata 66. Mkazo utakuwa megapaskali 20 badala ya 22. Kilainishi kilichoshusha joto la mgeuko kwa digrii 30 kingetupa, kwa kupunguza umbali wa kupoa peke yake, megapaskali 15 au 16.

Msomaji atasema kwamba kilainishi kimeshinda. Kwa mizani ya mkazo peke yake ni kweli, na mwenye kuandika habari hizi bila kusema hivyo angekuwa anaficha. Lakini mambo mawili hayamo katika mizani hiyo.

La kwanza latokana na ile tabia ya mpira ya kusinyaa zaidi. Kila chembe inapopoa hutaka kuwa ndogo kuliko shimo inamokaa, na kwa kuwa imeshikamana na kuta za shimo hilo, yenyewe huvutwa pande zote. Mvuto ukizidi, au mzigo wa nje ukiongezeka juu yake, kiini hupasuka ndani na kuacha uwazi mdogo. Tangu hapo chembe haiuvuti tena wavu. Shimo tupu haliongezi kusinyaa kwa kitu kizima, bali hupunguza ukakamavu wake. Tukihesabu upya kwa ukakamavu wa 2,300 na kusinyaa kwa sehemu 60, mkazo ni megapaskali 17. Chembe imekufa, na kwa kufa kwake imewafaa jirani zake.

La pili ni kubwa zaidi. Ulimbo haupasuki kwa sababu una mkazo, bali kwa sababu mkazo umeushinda uimara wake. Kuipasua epoksi tupu huhitaji nishati ndogo, kiasi cha jouli 100 mpaka 200 kwa mita mraba ya ufa. Penye chembe za mpira, ufa unapokaribia, viini hupasuka, na wavu uliobaki kati yake hupata nafasi ya kuteleza na kunyooka badala ya kukatika. Nishati ya ufa hutawanywa katika eneo pana. Katika ulimbo ambao wavu wake si wa kubana sana, nishati inayohitajika huweza kupanda mara kumi na zaidi. Basi chembe hupunguza kidogo kile kinachoshambulia, na kukuza sana kile kinachojilinda. Na yote hayo joto la mgeuko likiwa karibu pale pale. Kilainishi hakiwezi kudai hivyo.

8. Mipaka ya dawa hii

Imebaki kutaja mahali ambapo chembe hazitoshi.

Wavu uliofumwa kwa kubana mno, kama ule wa ulimbo wa joto kali sana, hauna nafasi ya kuteleza, na hapo chembe huongeza uimara kidogo tu. Chembe zikizidi, ulimbo mbichi huwa mzito, haupenyi katika nafasi nyembamba. Na nguvu ya kubeba mzigo hupungua, kwa kuwa sehemu ya kitu kigumu imeondolewa. Chembe zisizotapakaa vizuri hukusanyika katika donge, na donge huwa mwanzo wa ufa badala ya kuwa kizuizi chake.

Tena kuna baridi. Mpira nao una joto lake la mgeuko, na ukishuka chini yake huwa kama kioo na kazi yake imekwisha. Poliakrilati ya butili hugeuka karibu na digrii 50 na kitu chini ya sifuri. Polibutadieni yaweza kufika karibu na 100 chini ya sifuri. Silikoni hupita digrii 120 chini ya sifuri. Kwa hiyo chembe ya akrilati itakayofanya kazi njema katika chumba cha kawaida haitafaa katika lile jaribio la digrii 65 chini ya sifuri, na huko hutafutwa silikoni au butadieni. Lakini butadieni huharibiwa na hewa na jua kuliko akrilati, na mwenye kuchagua hana budi kujua chombo chake kitakaa wapi.

Katika vifuniko vya elektroniki dawa hizi hutumika pamoja: unga wa silika hupunguza kusinyaa, na chembe za silikoni hurudisha chini ukakamavu uliopandishwa na unga ule. Kila moja yarekebisha kasoro ya mwenziwe.

9. Mwisho

Kwa ufupi, mkazo wa ndani ni deni ambalo ulimbo hulichukua siku ya kukomaa na kupoa kwake, na kila mzigo ujao huongezwa juu ya deni hilo. Watengenezaji wa vanishi ya sandarusi walilipunguza kwa mafuta, wakalipa kwa ugumu. Chembe zenye kiini na ganda hazilifuti, bali hulipunguza na kuupa ulimbo uwezo wa kulibeba, pasipo kuutoza joto lake.

Kuhusu maneno, nimejaribu kutumia yale ambayo fundi akiyasikia hatahitaji kufasiriwa: ulimbo, kukomaa, ukakamavu, kiini, ganda. Fundi akiendelea kusema kwamba gundi imekauka hatutamshika ulimi. Lakini anayemfundisha kijana kwa nini kiungo kilichoshika jioni kimepasuka alfajiri, atahitaji kumwambia kwamba hakikukauka, bali kilikomaa, kikapoa, kikavutana na chuma. Ikiwa yuko msomaji mwenye maneno yaliyo bora kuliko haya kwa kazi hiyo, nitafurahi kuyapokea.